Kutengeneza Injini ya Jetiski Uani Pasipo Kuitoa Chomboni

Kila msimu wa wageni unapokaribia, maswali yale yale hunifikia kutoka kwa watu wenye jetiski moja au mbili za kukodisha. Je, ni lazima injini itolewe ndani ya chombo ndipo pistoni ibadilishwe? Je, kazi hii inawezekana katika ua wa nyumba ya kupanga? Na kwa nini pistoni mpya imekaza tena baada ya wiki mbili? Majibu yangu ni mafupi: si lazima, inawezekana, na pistoni ya pili ilikufa kwa ugonjwa ule ule ulioua ya kwanza, kwa kuwa hakuna aliyeutafuta.

Mwongozo huu unahusu injini za mipigo miwili zenye kabureta, ambazo mafundi wengi huziita tu-stroki. Mfano wangu ni injini ya Yamaha yenye silinda mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 701, ambayo kipenyo cha kila silinda ni milimita 81 na mwendo wa pistoni ni milimita 68. Imefungwa katika jetiski nyingi za kampuni hiyo tangu miaka ya 1990, na katika SuperJet, ile ya kuendeshwa kwa kusimama, ilidumu hadi mwaka 2020, kwa hiyo vipuri vyake havijawa adimu. Ikiwa jetiski yako ina injini ya mipigo minne yenye vali, mnyororo wa taimingi na kompyuta, usiifungue uani kwa kufuata maelezo haya, kwa sababu kazi yake ni nyingine kabisa.

Nafasi unayohitaji

Jetiski ya kukaa ina urefu wa karibu mita 3 na upana wa takriban mita 1.2. Ua wa mita 4 kwa mita 2.5 unatosha, mradi chombo kisimame sambamba na ukuta na ubakishe upande mmoja wazi wa kupita na kukaa. Upande huo uwe ule wenye kabureta, kwa kuwa ndiko mikono yako itakakoshinda. Kiweke juu ya matairi mawili ya gari yaliyolazwa, au juu ya toroli yake ikiwa magurudumu yamezuiwa, na uinue pua kidogo ili maji ya ngama yatoke kwa nyuma.

Kuacha injini mahali pake si uvivu. Injini hukaa juu ya mipira yenye vibamba vyembamba chini yake, ambavyo huiweka katika mstari mmoja na shafti ya impela, yaani pangaboi la ndani linalosukuma maji. Ukiitoa, itakubidi uupange upya mstari huo, na ukikosea kwa kiasi kidogo tu mtetemo utakula beringi na sili, yaani mipira inayoziba kandokando ya shafti. Kwa anayeanza, na hasa kwa mwenye nafasi ndogo, faida ya kutoigusa mipira hiyo ni kubwa kuliko usumbufu wa kufanya kazi umeinama.

Tahadhari ambazo sitazirudia

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kujikusanya katika tumbo la jetiski kama maji katika beseni, na cheche moja hutosha kuuwasha. Katika nyumba zetu jiko la mkaa huwa hapo hapo uani, kwa hiyo patana na watu wa nyumbani mapema: siku ya kazi chakula kipikwe kwingine, na asiwepo mvutaji sigara karibu. Tumia taa ya betri badala ya balbu ya waya mrefu. Petroli iliyotolewa itiwe katika dumu lenye kifuniko na kuondolewa uani kabisa. Injini isiwashwe ndani ya chumba au banda lililofungwa, hata kwa dakika moja, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, ambayo huua bila kutoa harufu.

Vitu vya kuandaa kabla ya kulegeza bolti ya kwanza

- Kitabu cha ufundi cha modeli yako hasa, kiwe cha karatasi au katika simu. Nguvu ya kukaza bolti isichukuliwe kwa kusikia.
- Soketi na spana za milimita, pamoja na kirefusho cha soketi. Bolti nyingi za injini hii ni za 10, 12, 14 na 17.
- Spana ya toki, yaani ile inayopima nguvu ya kukaza. Ikiwa huna, azima. Usikaze hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, kwa kukisia.
- Kipima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, chenye nyuzi zinazolingana na plagi zako.
- Fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia mapengo, na koleo nyembamba yenye ncha kali.
- Mafuta ya kulegeza kutu, grisi ya baharini isiyoyeyuka kwa maji, na gundi ya bolti.
- Seti mpya ya gasketi, klipu mpya za pini zinazoshika pistoni, na plagi mpya. Vitu hivi havirudishwi vikiwa vikuukuu.
- Pistoni na ringi zake, lakini usizinunue bado. Sababu utaiona katika hatua ya 9 na ya 11.
- Trei mbili za mayai, kalamu ya wino usiofutika, na vitambaa safi visivyotoa nyuzi.
- Mtungi wa kuzimia moto wa poda kavu, uwekwe mlangoni badala ya nyuma ya chombo.

Trei za mayai nimeziweka kwa makusudi. Katika nafasi ndogo kinachopoteza siku ni bolti zilizochanganyika, na trei moja ina vishimo 30 ambavyo unaweza kuvipa namba. Panga muda wa siku tatu au nne zisizofuatana, kwa maana silinda itakwenda kwa mchongaji na kurudi.

Hatua za kazi

1. Osha kabla ya kufungua. Toa kiti, fungua vizibo vya nyuma, uoshe tumbo lote kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni kidogo, kisha uache likauke. Chembe moja ya mchanga iliyokaa juu ya hedi itaangukia ndani ya silinda utakapoifungua. Wenzetu wa Ziwa Victoria hawana chumvi ya kupigana nayo, lakini mchanga wanao, kwa hiyo hatua hii ni yao pia.

2. Pima kompresheni. Acha tumbo wazi hadi harufu ya petroli iishe kabisa. Toa plagi zote mbili, uchomeke nyaya zake katika vituo vya kuzuia cheche ikiwa jetiski yako inavyo, au uzifunge kwenye chuma cha injini mbali na matundu ya plagi. Nyaya zikiachwa hewani zinaweza kuharibu mfumo wa umeme na kurusha cheche palipo na mvuke. Funga kipima, vuta mkono wa mafuta hadi mwisho, kisha uzungushe kwa stata mpaka mshale uache kupanda. Andika namba na urudie kwa silinda ya pili. Injini isiyo na ubovu ya aina hii huonyesha kwa kawaida kati ya psi (kipimo cha shinikizo) 120 na 150, ingawa vipima hutofautiana, na jambo la kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda hizo mbili. Tofauti ikizidi asilimia 10, kuna tatizo upande wenye namba ndogo. Ikiwa zote mbili ni nzuri na zinalingana, usifungue hedi. Nenda moja kwa moja hatua ya 14, kwa maana ugonjwa wako huenda uko katika mafuta au umeme. Watu wengi wamefungua injini nzima kwa sababu ya chujio lililoziba.

3. Toa betri. Anza na waya wa hasi. Betri ichajiwe nje ya chombo na mahali penye hewa, kwa sababu inapochajiwa hutoa hidrojeni. Funga bomba la petroli kutoka katika tangi.

4. Piga picha na upe namba. Piga picha kila mpira wa maji kabla ya kuuvuta, ukiwa umeandika namba ile ile kwenye mpira na kwenye bomba lake. Mipira ya maji ya kupoza ikibadilishana mahali, injini itawaka vizuri na kuungua baadaye ukiwa baharini.

5. Toa ekzosi. Hii ndiyo sehemu inayokatisha watu tamaa. Chemba ya ekzosi ni nzito, imepita karibu na injini yote, na baadhi ya bolti zake unazigusa kwa ncha za vidole tu bila kuziona. Zaidi ya hapo, bolti za chuma kisichoshika kutu zilizokaa ndani ya alumini kwa miaka katika maji ya chumvi huungana na alumini hiyo. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni ya jana yake, na tena asubuhi. Kabla ya kulegeza, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo mara kadhaa, kisha ujaribu kukaza kidogo sana ndipo ulegeze. Mara nyingi ule mwendo mdogo wa kukaza ndio unaovunja mshiko wa kutu. Ukihisi bolti inageuka kama mpira bila kulegea, simama hapo hapo, kwa kuwa inajikunja na iko karibu kukatika. Rudisha nyuma, ongeza mafuta, na upumzike. Usitumie mtungi wa gesi kuichemsha ikiwa ndani ya tumbo la jetiski, hata kama tangi umelitoa.

Kuitoa chemba kunahitaji watu wawili, au kamba iliyofungwa kwenye boriti imara juu yako. Mimi hutumia kamba, kwa kuwa msaidizi katika ua wa mita 4 mara nyingi huwa mtu wa kukanyaga trei za mayai.

6. Fungua hedi. Legeza bolti kidogo kidogo kwa kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ukianzia nje kuelekea kati. Hedi ikigoma, igonge pembeni kwa nyundo ya mpira; usichomeke bisibisi katikati ya hedi na silinda, kwa sababu mkwaruzo mmoja hapo utavujisha maji kila siku. Ikishatoka, tazama njia za maji. Ukikuta mchanga na chumvi iliyoganda, umeshapata mshukiwa wa kwanza.

7. Inua silinda. Katika injini hii silinda zote mbili ni pande moja la chuma. Lege­za bolti za chini, uinue wima kwa polepole, na mara pistoni zinapoanza kuonekana chini yake usimame na ujaze vitambaa safi kuzunguka konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini), kabla ya kumaliza kuinua. Vipande vya ringi iliyovunjika vikiingia katika kasha la kranki, itabidi injini itolewe hata hivyo.

8. Toa pistoni. Vitambaa vikiwa bado vimeziba kasha, toa klipu kwa koleo huku ukiziba tundu kwa kidole gumba, kwa maana klipu huruka. Sukuma pini kwa mkono au kwa kifaa cha kuivuta. Usiigonge kwa nyundo, kwani nguvu hiyo huishia kwenye konrodi na kuipinda. Andika ndani ya kila pistoni ilikotoka, mbele au nyuma.

9. Isome pistoni. Kaa chini na pistoni hizo mchana, kwenye mwanga wa jua, na usiende dukani kabla ya kuzielewa. Kila aina ya kifo huacha alama yake.

Mikwaruzo mirefu upande wa ekzosi peke yake kwa kawaida huonyesha joto kupita kiasi: ama mchanganyiko ulikuwa na hewa nyingi na petroli kidogo, ama maji ya kupoza hayakufika. Mikwaruzo katika sehemu nne, kama pembe za sanduku, huonyesha pistoni iliyotanuka haraka kuliko silinda yake, jambo linalompata anayewasha injini ya baridi na kuikimbiza papo hapo, au aliyefunga pistoni katika silinda iliyobana mno. Tundu au sehemu iliyoyeyuka kichwani hutokana na petroli kuwa kidogo au plagi isiyo ya joto linalofaa. Ukingo uliochimbika vijishimo kama ulioliwa na mchwa ni dalili ya mlipuko usio wa wakati wake. Mikwaruzo pande zote, pamoja na ukavu usio na utando wa oili, inamaanisha kuwa oili haikufika: pampu imekufa, au mtu alitia petroli tupu akidhani pampu ya oili bado ipo, kumbe mwenye jetiski wa kwanza aliitoa. Na kutu ya rangi ya kahawia maana yake ni maji, ambayo hayakai kwenye pistoni peke yake.

Linganisha pistoni mbili. Zikiwa zimeumia sawasawa, tafuta kitu kinachohudumia silinda zote, kama vile tangi, chujio la petroli, oili au maji ya kupoza. Ikiwa moja ni nzima na nyingine imeungua, tafuta kitu cha silinda ile tu: kabureta yake, gasketi yake, au sili ya kranki ya upande wake inayoingiza hewa.

Jetiski moja iliyoletwa kwangu ilikuwa imebadilishwa pistoni ya nyuma mara tatu katika mwaka mmoja, kila mara na fundi tofauti. Sili ya nyuma ya kranki ilikuwa imepasuka. Wote watatu walifunga pistoni vizuri kabisa.

10. Kagua konrodi. Shika konrodi na uivute juu na chini pasipo kuiyumbisha pembeni. Kusiwe na mchezo wowote wa juu na chini. Mchezo mdogo wa kwenda upande kwa upande ni wa kawaida. Zungusha kranki kwa mkono na usikilize. Mkwaruzo au kukwamakwama kunamaanisha beringi zimeliwa na chumvi. Ukikuta hali hiyo, au kutu chini ya konrodi, simamisha kazi ya uani. Kufunga pistoni mpya juu ya kranki iliyooza ni kununua wiki mbili.

11. Peleka silinda kwa mchongaji. Silinda za injini hii zina ala ya chuma cha kalibu na zinaweza kupanuliwa, yaani kuboo kama mafundi wasemavyo. Injini nyingine zina utando mgumu ambao mashine ya kawaida huuharibu, kwa hiyo hakikisha kwanza. Mchongaji apime, akuambie saizi inayofuata, kwa mfano milimita 81.25 au 81.50, ndipo ununue pistoni na kumpelekea mkononi. Silinda huchongwa kulingana na pistoni iliyopo mezani, wala si kulingana na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Mwambie ni injini ya majini na umwonyeshe nafasi inayotakiwa katika kitabu, kwa kuwa fundi aliyezoea pikipiki huenda akabana zaidi. Mwombe pia alainishe kingo za matundu, la sivyo zitanasa ringi.

Silinda ikirudi, ioshe kwa maji ya moto na sabuni kwa brashi, si kwa petroli peke yake. Petroli huondoa mafuta na kuacha unga wa jiwe la kuchongea. Futa kwa kitambaa cheupe chenye oili na urudie mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha paka oili mara moja, kwa sababu katika hewa ya pwani kutu huanza kabla hujamaliza kunywa chai.

12. Unganisha. Ingiza kila ringi peke yake ndani ya silinda, isawazishe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, upime pengo la ncha zake kwa fila geji. Kwa injini hii pengo huwa kwa kawaida kati ya milimita 0.2 na 0.4, na kitabu chako ndicho mwamuzi. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee upande wa ekzosi. Ncha za ringi zikae kwenye vijipini vyake vidogo ndani ya mfereji. Klipu mpya zikishaingia, zijaribu kwa kuzisukuma kwa bisibisi. Ikizunguka kwa urahisi haijakaa. Paka oili pini, beringi yake, ringi na silinda.

Kuishusha silinda juu ya pistoni mbili ukiwa umeinama ndani ya chombo kunataka utulivu. Pandisha pistoni moja juu kuliko nyingine, bana ringi kwa vidole, na uache uzito wa silinda ushuke wenyewe. Ikikwama, usisukume wala usiizungushe. Inua na uanze tena. Bolti zote zipakwe grisi au gundi kama kitabu kinavyosema, na hedi ikazwe kwa awamu mbili, kuanzia katikati kwenda nje.

13. Pima uvujaji wa hewa. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo inayogundua ile sili iliyopasuka. Kabla ya kurudisha ekzosi, toa kabureta pia, uzibe matundu ya zote mbili kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi vilivyobanwa na vibamba vya mbao ngumu, kisha ufunge plagi. Kasha la kranki lina bomba dogo linalopeleka mapigo kwenye pampu ya petroli. Unganisha hapo pampu ndogo ya mkono yenye mshale. Kile kipima shinikizo la damu cha mkono, chenye mpira wa kubinya, kinafaa kabisa: ukijaza hadi 300 umefika karibu psi 5.8. Usitumie kompresa ya matairi, kwa sababu hewa nyingi huzitoa sili mahali pake. Mshale ukae palipo kwa dakika 5. Ukishuka, paka povu la sabuni kwenye maungio yote mpaka uone linapopulizwa. Povu likipulizwa nyuma ya shafti ya kranki au upande wa magneti, sili imekwisha.

14. Safisha kabureta na njia ya petroli. Kabureta za Mikuni za aina hii zina chujio dogo la wavu ndani yake, ambalo wengi hawajui lipo. Kabla ya kufungua skrubu za kurekebishia, zikaze taratibu hadi zikae huku ukihesabu mizunguko, na uiandike. Matundu yasafishwe kwa dawa na hewa, kamwe si kwa waya. Ngozi nyembamba ya mpira iliyokakamaa ibadilishwe, pamoja na sindano na kiti chake. Mipira ya petroli ya zamani, hasa ile ya kijivu iliyofungwa katika baadhi ya jetiski za miaka ya 1990, huoza kwa ndani na kutoa utelezi wa kijani unaoziba chujio hilo. Itupe yote na uweke mipya.

15. Washa kwa mara ya kwanza. Kwa mwanzo, changanya petroli na oili ya majini yenye alama ya TC-W3 kwa kiwango cha 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa kila lita. Baadaye, kwa injini isiyo na pampu ya oili, utarudi 50 kwa 1, ambayo ni mililita 20 kwa lita. Ikiwa pampu ya oili ipo na inafanya kazi, toa kwanza hewa katika mipira yake, na kwa tangi la kwanza changanya 50 kwa 1 juu ya ile inayoletwa na pampu.

Unapotumia mpira wa maji ya bomba, washa injini kwanza ndipo ufungue maji. Na unapomaliza, funga maji kwanza, vuta mkono wa mafuta kidogo mara mbili tatu kwa sekunde chache ili maji yatoke, ndipo uzime. Maji yakiingia injini ikiwa imezimwa hujaza ekzosi na kurudi ndani ya silinda, na kazi yote ya siku nne huharibika kwa dakika moja. Bila maji kabisa usizidishe sekunde 15. Kwa heshima ya majirani, mara mbili za nusu dakika, maji yakipita, zinatosha. Majaribio ya kweli ni ya majini.

16. Iendeshe kwa upole. Jaribu maji yakiwa yamejaa, mahali penye kina cha angalau sentimita 60 chini ya chombo, ili pampu isinyonye mchanga. Vaa jaketi okozi na ufunge kamba ya kuzimia injini mkononi. Kwa saa ya kwanza usipite robo tatu ya mkono wa mafuta na usikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Injini ikishapoa kabisa, kagua tena uvujaji na bolti za hedi kwa kufuata kitabu.

Ikiwa haikubali

*Inazunguka bila kuwaka.* Angalia kama kamba ya kuzimia imechomekwa. Usicheke, nimeitwa mara mbili kwa ajili hiyo. Kisha tazama cheche, ukiweka plagi kwenye chuma mbali na matundu. Cheche ikiwepo na plagi ni kavu, petroli haifiki: rudi hatua ya 14 na ukague ule mpira mdogo wa mapigo, ambao ukitoboka pampu ya petroli haifanyi kazi.

*Inawaka lakini inazima ukivuta mkono wa mafuta.* Mara nyingi ni chujio au jeti iliyoziba. Usiendelee kuilazimisha, kwa sababu ndivyo pistoni zinavyoungua.

*Inapanda mizunguko yenyewe, hata mkono ukiwa umeachwa.* Kuna hewa inayoingia mahali. Izime mara moja na urudie hatua ya 13.

*Inanguruma sana lakini chombo hakiendi.* Injini haina kosa. Chungulia pampu: kamba, mfuko wa plastiki au mwani huenda umejizungusha kwenye shafti, au mchanga umekula impela na pete inayoizunguka hata pengo limekuwa kubwa.

*Maji hayatoki kwenye tundu la kuonyeshea.* Zima. Tundu lenyewe huziba kwa mchanga, kwa hiyo lizibue kwanza, kisha ukague mpira unaoleta maji kutoka kwenye pampu.

*Imepinduka na kumeza maji ya chumvi.* Igeuze kwa upande ulioonyeshwa kwenye kibandiko cha nyuma, kwa maana upande mwingine humwaga maji ya ekzosi ndani ya silinda. Usijaribu kuiwasha ikiwa na maji ndani. Ivute pwani, acha tumbo lipate hewa, toa plagi, ziweke nyaya kama katika hatua ya 2, na uzungushe kwa stata vipindi vifupi hadi maji yaache kuruka kwenye matundu. Tia oili kidogo kila silinda, weka plagi kavu, iwashe, na uiendeshe siku hiyo hiyo hadi ipate joto la kawaida. Ikiwa giza limeingia na huwezi kuiwasha, ijaze silinda oili na uizungushe kila saa chache, kwa sababu beringi za kranki zenye maji ya chumvi huanza kushika kutu usiku huo huo, na hizo, kama ulivyoona katika hatua ya 10, hazitengenezwi uani.